Koplo na Uraia wa Salma

Mtu wa kwanza kunikaripia Jeddah hakuwa madam, alikuwa dereva. Nilikuwa ndio kwanza nimetoka uwanja wa ndege, begi mapajani, kichwa kinaniuma kwa njaa na kilio, nimejilaza kwenye kiti cha nyuma cha gari la watu. Akanitazama kwenye kioo. "Wewe raia, kaa wima. Wakikuona umelegea siku ya kwanza, utafanyishwa kazi za punda mpaka siku ya kuondoka." Nikakaa wima. Nilimchukia papo hapo, na kwa miaka yote iliyofuata nikawa namsikiliza yeye kuliko mtu mwingine yeyote katika nchi ile.

Tulimwita Koplo. Kwetu Kenya alikuwa mwanajeshi, koplo wa kweli si wa utani, mpaka goti likamharibikia akaachishwa, akaja Saudia kuendesha gari. Nyumba nzima pale mtaa wa Al-Hamra ilimwita hivyo: sisi wafanyakazi, walinzi wa majirani, hata watoto wa madam. Madam peke yake ndiye aliyemwita kwa kazi yake, "sawwag", dereva, kwa sauti ya kutoka ghorofani. Koplo alikuwa akiitika kabla neno halijaisha.

Alikuwa na wazimu wa unadhifu. Shati la kazi alilipiga pasi kila siku ya Mungu, hata siku ambazo madam hatoki. Chumba chake kando ya gereji kilikuwa na kitanda, lakini alilala sakafuni kwa sababu alisema godoro humfundisha mtu uvivu. Kula alikula haraka, mgongo ukutani, macho mlangoni. Madam akisema wanatoka baada ya swala, swala ikiisha gari liko mlangoni na ndani kuna baridi tele. Na mtu huyu huyu, aliyewahi kulala porini na bunduki, alikuwa akimwogopa paka wa madam vibaya sana. Paka akijipitisha jikoni, Koplo anapanda juu ya kiti na sahani yake mkononi, ananiita, "Dada Rehema, njoo uondoe huyu adui." Nilikuwa nacheka mpaka naishiwa nguvu.

Mimi ni mtu wa Likoni na mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo nilimtania kwa kila kitu, hata dini. Alikuwa amesilimu ili aoe, na swala tano alizishika kuliko mimi niliyezaliwa nazo. Lakini asubuhi akiosha gari, ukisimama kwenye dirisha la jikoni utamsikia anaimba puani nyimbo za kanisani kwao, moja baada ya nyingine, anapiga na mguu.

"Koplo, umesilimu au umekodi?"

"Dini nimebadilisha, dada. Koo ni lile lile."

Alikuwa na misemo yake ya kambini, na aliisema kwa uzito kama anasoma hukumu. Amri kwanza, maswali baadaye. Amri ya juu inafuta amri ya chini. Jeshi halisahau mtu wake. Huu wa mwisho aliupenda kuliko yote. Jeshi lilikuwa limemwondoa na goti bovu na mkono wa kwaheri, na bado alikuwa akilisifu. Nilipomwambia hivyo, hakukasirika. Alisema mimi ni raia na raia hawezi kuelewa.

Kitu kimoja kilikuwa kinamfanya atoe matusi ya kambini waziwazi, nacho ni mawakala. Wale wanaoleta wasichana kutoka kwetu kwa maneno matamu, halafu msichana akifika anakuta kazi ya watu wanne na pasipoti imefungiwa. Koplo alisema mtu wa namna hiyo afaa kuzungushwa uwanjani na gunia la mchanga mabegani mpaka azimie. "Anauza binadamu kwa mdomo," alisema. Yakumbuke maneno haya, maana mimi niliyakumbuka sana baadaye, na yaliniuma.

Mke wake aliitwa Hawa. Alikaa Karantina, kusini mwa mji, kule ambako nyumba zimebanana na malori ya bandarini yanapita mchana kutwa. Bibi zake Hawa walikuja kuhiji kutoka nchi za magharibi ya Afrika, wakabaki. Yeye kazaliwa pale, mama yake kazaliwa pale, Kiarabu chao ni cha Jeddah hasa, na hakuna hata mmoja mwenye karatasi ya nchi yoyote duniani. Hawa aliuza karanga na mbegu za kukaanga juu ya mkeka. Watu wa manispaa wakitokea, anakunja mkeka pembe nne, anatupa begani, anapotea vichochoroni. Ndoa yao ilifungwa na mwalimu wa mtaani, chumbani, mashahidi wakiwa wapangaji wenzake. Mbele ya Mungu ni ndoa kamili. Mbele ya ofisi haipo, kwa sababu mahakama ilitaka ikama ya Hawa, yaani kibali cha kukaa nchini, na Hawa hakuwahi kuwa nacho.

Wakampata Salma. Mtoto mwembamba, macho makubwa, anaongea Kiswahili cha baba yake kwa lafudhi ya Kiarabu. Alimwita baba yake "Baba Koplo". Koplo akienda Karantina siku ya Ijumaa, Salma anamngoja kwenye kona ya duka la mikate na kumpigia saluti, mkono wa kushoto, na Koplo anaurekebisha kwa upole, "Kulia, askari, kulia." Pale tu ndipo nilipowahi kumwona amelegea mabega.

Nilikuwepo siku Salma alipougua. Homa ilimpanda mpaka akawa anakakamaa. Hawa aliogopa kutoka nje ya Karantina asije akakamatwa, basi Koplo akaniomba mimi niende naye. Tukafika dirishani pale hospitali, mtoto kwenye mikono yangu anachemka. Karani akauliza ikama ya mtoto. Koplo akasema hana. Ya baba? Akatoa yake. Karani akaangalia kwenye kompyuta yake, akasema mtoto hayumo.

"Ni wangu," Koplo akasema.

"Hayumo."

"Mtazame uso. Ni wangu."

"Uncle, mashine haitazami uso."

Mimi nikaanza kelele, nilitukana kwa Kiswahili, kwa Kiarabu cha jikoni na kwa Kigiriama cha bibi yangu. Mlinzi akaja. Koplo alikuwa amesimama kakamavu, mikono ubavuni, na machozi yanashuka hayapanguswi. Tukarudi Karantina kwa mfamasia mmoja Msudani, mtu mwema, akatupa dawa za sindano. Mtoto akapona. Lakini sikio lake la kushoto halikusikia tena.

Njiani kurudi Al-Hamra Koplo aliongea mara moja tu. "Huyu mtoto nitampa nchi. Iwe kwa heri, iwe kwa shari, nitampa nchi." Nikamwambia inshallah, nikidhani ni uchungu tu unaongea. Lakini tangu siku ile, kila alichofanya kilikuwa cha hilo. Alijaribu ofisi za kule na ofisi za kwetu, na kila mlango ulitaka karatasi inayotolewa na mlango mwingine. Alikuwa anarudi anavua kofia, anakaa kwenye ngazi ya jikoni, ananiambia, "Bado." Basi, ananyanyuka kwenda kuwasha gari.

Halafu vita vya kusini vikaanza, na pamoja navyo akaja yule mtu.

Karantina walimwita Wakili. Alikuja siku za Ijumaa na gari lenye vioo vyeusi, hakuzima injini, hakushuka. Kioo kilishuka kiasi cha vidole vinne na sauti ikatoka humo. Wanatafutwa wanaume wenye nguvu, alisema, wa kulinda mpaka kule milimani. Mweusi, mweupe, Mwislamu, Mkristo, haidhuru. Atakayetumikia mpaka mwisho atapewa uraia, yeye na watoto wake. Mpaka leo sijui kama kuna afisa yeyote wa serikali aliyewahi kutamka maneno hayo. Mimi nilichosikia kilitoka kwenye ufa wa kioo.

Koplo aliponisimulia, nilimwona usoni kuna mwanga ambao sikuupenda.

"Amewaandika majina?" nikamuuliza.

"Majina yataandikwa kambini."

"Sasa ameandika nini?"

"Hajaandika kitu. Amemuuliza kila mtu saizi ya kiatu."

"Saizi ya kiatu!"

"Ndiyo maana namwamini, dada. Tapeli angetaka majina, angetaka pesa, angetaka picha. Hakuna tapeli anayewaza buti. Siku yangu ya kwanza jeshini, kabla ya jina, kabla ya chai, niliulizwa saizi ya kiatu. Huyo mtu katoka jeshini kweli."

"Hata muuza mitumba wa Kongowea anauliza saizi ya kiatu, Koplo!"

Hakucheka. Yeye ambaye alikuwa akicheka kila nikisema Kongowea. Alinitazama tu, akasema mimi ni raia.

Nilikwenda Karantina Ijumaa moja kumpelekea Hawa nguo kuukuu za watoto wa madam, nikakuta uwanja nyuma ya magari mabovu umejaa wanaume. Wakenya, Wasudani, vijana wa Karantina wenyewe waliozaliwa pale bila karatasi. Wameshika fimbo za mop mabegani. Na mbele yao Koplo, shati limenyooka, anawapiga gwaride. Kushoto, kulia, geuka. Alikuwa ameniambia kwamba Wakili amemkataa kwa ajili ya goti, lakini akiwafundisha wenzake itahesabiwa kwamba naye katumikia. Vumbi limetanda, malori yanapiga honi, na lile gari liko pembeni linanguruma, kioo kimeshuka vidole vinne. Hawa alikuwa amekaa kwenye mkeka wake na hauzi kitu. Aliniambia, "Rehema, sijawahi kumwona akiwa na furaha hivi. Naogopa." Mimi pia niliogopa.

Mmoja kwenye mstari alikuwa Wafula, soja wa geti la jirani yetu Al-Hamra. Mtu wa Bungoma, mrefu, mguu kama mashua, kicheko kinavuka ukuta. Mama yake alimtumia sauti kila siku kwenye simu, naye alikuwa akinisikilizisha hapo getini, ati nisikie mama anavyomsumbua kuhusu kuoa. Mke hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Nilimuuliza, wewe vita vya watu unavitakia nini?

"Nimechoka kuwa mlango, dada. Watu wananifungua na kunifunga tu."

"Na ukifa?"

"Koplo amesema tutalinda tu, hatupigani." Akacheka. "Halafu wamesema buti za saizi yangu wataagiza maalum."

Kundi la kwanza likaondoka. Simu zao zikalia wiki kadhaa, kisha zikazimika. Mama zao huko nyumbani walikuwa na namba ya Koplo, kwa kuwa kila kijana alimwachia mama yake namba hiyo, wakawa wanapiga. Nilimsikia akiwajibu pale gereji, sauti tulivu, ya heshima. "Shikamoo mama. Hapana, usiwe na wasiwasi. Kambini simu hukusanywa, ni utaratibu. Hata mimi yangu ilikusanywa." Wanawake wale walimshukuru, wakamwombea dua. Alikata simu, akakaa na simu mkononi. Mwezi ule niligundua kwamba haimbi tena akiosha gari. Maji yanamwagika, kitambaa kinasugua, basi.

Nikamwambia waziwazi. "Koplo, wewe ndiye uliyesema anayeuza binadamu kwa mdomo abebeshwe gunia."

"Mimi siuzi mtu. Nawapeleka mahali ambapo na mimi ningekwenda."

"Lakini hujaenda."

Hilo lilimwingia. Aliinamisha kichwa. Na baada ya siku chache akaja kuniambia kwamba Wakili amekubali, goti liwe bovu lisiwe bovu, kundi linalofuata ataliongoza yeye. Hapo nilitamani ningeumeza ulimi wangu.

Sasa lazima nieleze habari ya kafili, kwa maana hapo ndipo walipojitia kitanzini wenyewe. Kule, mgeni yuko mikononi mwa kafili wake, yule aliyemleta. Ukiondoka kwake bila ruhusa, anakwenda kukuripoti huruub, yaani mtoro, na kuanzia hapo huna kazi, huna kibali, ukikamatwa ni tarhil tu, mahali pa kufungiwa watu wa kurudishwa kwao. Kila mfanyakazi anajua hili kabla hajajua njia ya dukani. Nikamuuliza Koplo, bosi, yaani mume wa madam na kafili wetu, umemwambia? Akasema hapana, Wakili amekataza, hiyo ni siri ya jeshi.

"Na huruub je?"

"Amri ya juu inafuta amri ya chini, dada. Jeshi likimchukua mtu, kafili ni nani?"

Siku aliyoondoka ilikuwa mchana. Alimrudisha madam kutoka sokoni, akapanga mizigo jikoni, akaliegesha gari sawasawa kivulini. Akanikabidhi funguo kwa mikono miwili. Nilimshika shati, lile shati lililonyooka, nikalikunja makusudi kwenye ngumi yangu. "Usiende, Koplo. Nakusihi. Salma anakuhitaji wewe kuliko karatasi."

"Salma alihitaji sindano," akasema. "Baba alikuwepo pale dirishani. Baba alisaidia nini?"

Nikamwachia. Wafula alikuwa anamngoja nje ya geti na begi la mgongoni, akanipungia mkono, akacheka. Wakaondoka kwa miguu kuelekea barabara kubwa. Bosi aliripoti huruub wiki ile ile. Hakuwa mtu mbaya, bosi. Alikaa sebuleni akashika kichwa, akasema angeambiwa angemwandikia ruhusa kwa mkono wake. Nilikwenda stoo nikalia.

Sauti za Koplo zilikuja kwenye simu ya Hawa. Fupi fupi, upepo mwingi nyuma. Tuko sawa. Baridi kali. Wafula amepata buti. Salma alikuwa akiiweka simu kwenye sikio lake zima na kurudia kila neno kimoyomoyo. Watoto wa mtaani walimuuliza lini atakuwa Msaudia, naye akasema baba akishuka mlimani. Kisha sauti zikakatika. Hawa aliacha kukaa na simu, akaanza kuificha chini ya godoro, ati ikiwa mbali labda italia.

Aliyeleta habari ni kijana wa Karantina aliyerudi na kikohozi kisichoisha. Alisema kituo chao kilipigwa asubuhi. Koplo alikuwa miongoni mwa waliokufa. Mwili ulikuwa haujulikani, lakini ikama yake ilikuwa mfukoni, na akazikwa huko huko na dua kamili, shahidi. Wafula alipona.

Tuliweka matanga Karantina. Tulisoma Yasin kwenye kile chumba walichooania. Mimi nililia mpaka madam akaniuliza kama yule dereva alikuwa mume wangu. Hawa alilia pia, alijifunika, aliingia eda. Lakini kabla eda haijaisha nilikwenda nikakuta chumba kitupu. Majirani walisema alikuja mtu na gari la mizigo, wakapanda nyuma, mama na mtoto, mafi, hawapo. Niliuliza kila nilipoweza. Wafula naye nilimwandikia, akanijibu kwa maneno matatu: niko salama dada. Wafula yule yule, ambaye hakuwahi kuandika kama anaweza kutuma sauti, hakunitumia sauti tena. Nilijiambia vita vimemharibu.

Baadaye bosi alipata kazi Riyadh, tukahamia huko sote. Riyadh ni kavu, midomo inapasuka, watu wamejifungia nyuma ya kuta ndefu. Ramadhani moja, saa za alasiri, madam alinituma na trei ya sambusa kwa shoga yake. Dereva mpya hakuijua mitaa, akanishusha kwenye geti la jumba la zamani ambalo si lenyewe. Nikabonyeza kengele. Geti likafunguka kidogo, na mlinzi akachungulia. Ndevu zimejaa, nyeupe. Sare ya buluu imepigwa pasi.

Trei ilinitoka mkononi. Sambusa zikamwagika zote.

"Lahaula! Koplo! Tulikusomea Yasin!"

Alinivuta ndani haraka, akafunga geti, akatazama nyumba kubwa. "Usiniite hivyo. Nakuomba, dada. Hapa mimi ni Wafula."

Nilidhani nimechanganyikiwa na saumu. Akanikalisha kwenye kibanda chake, akanieleza akiwa amesimama, macho ukutani, kama anayetoa ripoti. Wafula alikufa mbele yake, asubuhi, palibaki kidogo cha kuzika. Na huko mlimani kulikuwa na neno linalopita kinywa kwa kinywa: anayerudi hai ataambiwa ngoja, lakini mtoto wa shahidi hapewi ngoja, mtoto wa shahidi anapewa uraia.

"Wafula hana mtoto," Koplo alisema. "Kifo chake kingepotea bure. Nikatoa ikama yangu nikaiweka kwake, nikachukua yake na simu yake; kafili wa Wafula hakuwa ameripoti huruub. Askari wa barabarani wakiangalia ile picha wanaona mtu mweusi tu. Nilifikiri kama askari, dada."

"Ulifikiri kama mwizi."

"Labda."

Basi nikaelewa. Jina lake liko chini ya mchanga wa kusini, na ndani yake amelala mtoto wa mtu, Mkristo wa Bungoma, aliyezikwa kwa dua zisizo za kwao. Hapa Koplo ni Wafula, kapera, mlinzi. Hawa, aliyetumiwa lile gari la mizigo, ni mjane wa rafiki yake, anafua nguo za jumba lile. Na Salma ni yatima.

"Na mama yake Wafula?" nikamuuliza. "Yule mama anayemtafutia mwanawe mke, je?"

"Namwandikia kila wiki. Nampa salamu."

Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia, wala sijui niliyatoa wapi. Nilimwambia kuna mwanamke kijijini anaongea na maiti kwenye simu na wewe ndiye unayeitikia. Alisikiliza yote, kakamavu, mikono ubavuni. Nilipomaliza akasema, "Mzee mwenye nyumba aliwahi kufanya kazi kwenye ofisi zinazohusika. Anampenda Salma, analipeleka faili yeye mwenyewe. Ukisema neno moja, Salma anarudi kuwa hayumo. Amebakiza kidogo tu. Baada ya hapo niambie nijinyonge, nitajinyonga."

Mlango wa nyumba kubwa ukafunguliwa. Salma alitoka amemshika mzee mkono, binti mrefu sasa, hijabu nyeupe, anamgeuzia mzee sikio lake la kulia ili amsikie. Aliponiona alisita. Nilijua amenitambua, uso ulimbadilika wote. Akatazama kwa baba yake, baba yake akatazama chini.

"Ami Wafula," akasema kwa Kiarabu safi, "tufungulie geti, mzee anakwenda msikitini."

Koplo akafungua. Mzee akaniona nimesimama katikati ya sambusa zilizomwagika, akatabasamu, akauliza mimi ni nani. Salma akamjibu kabla sijafumbua mdomo. Alisema mimi ni shangazi kutoka Jeddah, niliyemjua baba yake. Mzee akaweka mkono kifuani. Aliniambia nifurahi, faili la mtoto limefika meza ya mwisho, baada ya Idi atakuwa binti wa nchi hii, na kwamba baba yake alikuwa mwanamume. Kisha akanyanyua viganja, macho yamejaa maji, akamwombea marehemu, Mungu amrehemu, amsamehe, alipanue kaburi lake.

Salma akaitikia amina. Koplo, ameshika geti, akaitikia amina kwa sauti kubwa kutupita sote. Wote wakawa wananitazama mimi.

Nikanyanyua viganja, nikaitikia amina. Yangu ilikuwa ya Wafula.